Mayai ya Mjusi Kafiri Chumba cha Uani

Juzi fundi rangi alitaka kukwangua mayai mawili meupe yaliyoganda ukutani, nyuma ya mita ya umeme. Nikamwambia ayaache. Akacheka, "Dada, si ya mjusi kafiri haya?" Ndiyo, ya mjusi kafiri, na nyumba ni yangu. Sikumweleza zaidi, ila wewe rafiki yangu nitakueleza.

Nimelelewa Ujiji na bibi yangu, mtu wa swala tano, jiko lake likinukia mawese kutwa. Kila Ijumaa asubuhi alishika fagio la chelewa akawasaka mijusi. Kwetu kumuua mjusi kafiri ni thawabu, kwa kuwa eti aliupuliza moto uwake, ule alimotupwa Nabii Ibrahimu. Sisi watoto tulimwonyesha walikojificha.

Ndipo Warundi waliokimbia vita kwao wakaja kwa boti, wamelowa, wengine bila viatu. Bibi akampa mama mmoja na bintiye chumba cha uani. Binti alikuwa rika langu. Tulilala mkeka mmoja, tukipaa samaki wa ziwani, migebuka, pamoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Ngozi ya tumbo la mjusi jike ni nyembamba, kwa hiyo akiwa na mimba unayaona mayai mawili humo ndani, moja kila upande. Huyataga yakiwa laini, yakipigwa na hewa yanakauka na kushika ukuta. Kisha mama huenda zake, wala hayaatamii.

Mayai yetu yalikuwa nyuma ya fremu ya mlango wa chumba chao. Binti alilikataza fagio la bibi! Alipoulizwa kisa, alisema kwao waliacha kuku ameatamia wakakimbia, vifaranga hakuwaona.

"Haya nitayaona," akasema, bila kuinamisha macho.

Mara mjumbe wa nyumba kumi akaja na amri: wakimbizi wote waende kambini, lori litapita Jumatatu.

"Shikamoo, mama," akamwamkia bibi.

"Marahaba. Mtoto huyu haondoki mpaka mayai yaanguliwe."

"Ya kuku?"

"Ya mjusi."

Mjumbe alidhani anatukanwa. "Mama, utanifungisha."

"Basi tutafungwa wote, na uji nitapika mimi."

Lori lile liliondoka bila wao, na lililofuata pia. Ijumaa bibi alifagia sakafu tu. Thawabu, alisema, Mungu ana milango mingi ya kuzileta.

Asubuhi moja ganda likapasuka, katoto kakachomoka kakakimbilia darini, kadogo kuliko kidole changu. Binti akapiga makofi, kisha akalia sana. Wiki hiyohiyo lori likawachukua, yeye na mama yake, na mpaka leo sijapata habari zao.

Bibi amezikwa, chumba cha uani kimebomolewa pakajengwa maduka. Siku hizi nasikia watu wakisema wakimbizi walituharibia mji. Nawajibu usoni: kwetu hawakuharibu kitu. Walinipa dada, nikanyang'anywa mchana kweupe, na lile lori sijalisamehe.