Kila Mtu na wa Nyumbani Kwake

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzee huu nikiwa na akili zangu, na magoti ambayo bado yanakunjika. Alituvusha kwenye ugonjwa uliowachukua wenzetu waliokuwa na nguvu kuliko mimi, na sijui kwa nini aliniacha. Sifa zote ni zake. Haya ninayoyaandika yananiaibisha, lakini sidhani kama anapendezwa na shukrani inayochagua cha kusema.

Kanisani kwetu, hapa Machochwe, hatukaribii Meza ya Bwana kabla ya kutawadhana miguu. Wanaume hukaa upande mmoja, wanawake upande wa pili nyuma ya pazia, na kila mmoja hutafuta mwenzake. Huyu anaketi kwenye benchi, yule anapiga magoti mbele yake na beseni na taulo, kisha wanabadilishana. Wakimaliza wanakumbatiana na kuombeana. Ambaye hakutawadhana na mtu hali mkate siku hiyo. Sinia likimfikia analipitisha kwa jirani. Ndivyo walivyotufundisha waliotubatiza, nami nikiwa mzee wa kanisa nimewafundisha wengine vivyo hivyo.

Mwenzangu wa beseni alikuwa mtu wa kuja. Alitoka Kigoma akiwa kijana, akafuata dhahabu upande wa Tarime, akachimba mpaka jiwe likamponda mguu na kumwacha bila vidole viwili. Ndipo akaja kwetu kufyatua matofali. Hakuoa huku, na kwao hakurudi. Siku yake ya kwanza ya kutawadhana hakuna aliyemkimbilia, maana mguu ule ulikuwa unatisha kidogo. Mimi nikamwendea kwa sababu ya cheo changu. Baadaye ikawa mazoea, na mazoea yakawa urafiki.

Tulikuwa tunacheka pale chini kama watoto, mpaka mchungaji anatukoholea. Mimi nimekua nyuma ya ng'ombe na visigino vyangu vimepasuka tangu utoto. Alikuwa akiniambia kwamba kazi hii inataka tindo, si taulo. Nami nilimwambia kwamba siku ya ufufuo atatuchelewesha wote, akizunguka mashimoni kutafuta vidole vyake. Aliijua miguu yangu. Mwaka mmoja aliuona mwiba uliozama ambao hata mke wangu hakuuona, akautoa palepale kwa pini ya shati lake.

Kisha ikaja korona. Tuliweka ndoo yenye koki na sabuni mlangoni, tukashona barakoa za vitenge, tukajifukiza majani ya mwarobaini chini ya blanketi hadi macho yakawa mekundu. Watu walikufa kwa kubanwa kifua, na baada ya muda tukaacha kuulizana walikuwa na nini. Kusalimiana kwa mkono kukaisha. Kwenye misiba, sisi wazee tuliozoea kuzunguka sinia moja la ugali tukaanza kupewa kila mtu sahani yake.

Suala la kutawadhana lilipofika kwenye kikao cha wazee, wapo waliotaka tuache kabisa. Mimi ndiye niliyesimama na kupendekeza kwamba kila mtu atawadhane na wa nyumbani kwake, kwa kuwa watu wa nyumba moja wanavuta hewa moja. Nilieleza vizuri, kwa maandiko. Hakuna aliyepinga. Wenzangu walisema Mungu amenipa hekima, nami nikaamini. Katika kikao kile hapakuwa na hata mmoja anayeishi peke yake.

Ugonjwa ulipopungua, barakoa zilitupwa haraka. Mikono ilirudi nusunusu: vijana wanagonganisha ngumi, sisi wazee wengine tunagusa kifua na kuinamisha kichwa. Lakini utaratibu wangu ulibaki, na watu waliupenda. Mambo yanakwenda upesi sasa. Hakuna tena kujiuliza leo utaangukiwa na mguu wa nani. Baba na mwanawe, ndugu na ndugu, wanamaliza na kurudi kwenye viti vyao.

Siku ya kwanza tuliporudia kutawadhana kanisani, baada ya Meza kufanyiwa majumbani wakati wa ugonjwa, yule rafiki yangu alikuja moja kwa moja nilipokuwa, taulo begani kama siku zote. Mimi nilikuwa nimeketi tayari, na mwanangu mkubwa, mtu mzima mwenye watoto wake, alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Shemasi mmoja akamwambia kwa upole, "Ndugu, siku hizi ni kila mtu na wa nyumbani kwake." Akaitikia kwa kichwa. Akalikunja lile taulo, akaenda kukaa karibu na mlango.

Nilimwona. Nilijiambia kwamba mtu atamchukua. Nilijiambia pia kwamba anakohoa, na kweli alikuwa anakohoa, kwa moshi wa tanuru la matofali ambao ameuvuta miaka yote niliyomfahamu. Sinia la mkate lilipomfikia alilipitisha. Mimi nikala wangu.

Ibada za kawaida aliendelea kuja. Siku za Meza hakuonekana tena. Jambo hilo likafika kikaoni kama kosa lake: ndugu huyu ameacha Meza ya Bwana, pengine amerudia pombe, aonywe, na asipotii tujue la kufanya kuhusu ushirika wake. Wakanituma mimi, kwa kuwa tulikuwa karibu. Hata wakati ule sikuona. Nilichukua Biblia yangu, nikaenda nikipanga njiani maneno ya kumrudi.

Nilimkuta akipanga matofali mabichi karibu na kijito. Alinawa mikono, akaniletea kigoda, akasema, "Shikamoo mzee." Akanyoosha mkono, kisha akakumbuka mambo ya korona na kuurudisha. Nilimwuliza habari za kazi, za tembo walioingia mashamba ya jirani, mpaka maneno ya pembeni yakaniishia. Ndipo nikafungua Biblia na kumwambia kwamba kanisa linasikitika, anadharau Meza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika.

"Mzee wangu," alisema, "nyumba yangu ni ile pale. Umeingia humo, unajua aliyemo. Sasa nimtawadhe nani, paka?"

Nilicheka kwa mazoea, kabla sijaelewa. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba anajua utaratibu ule ulikuwa wangu, na kwamba wakati wa ugonjwa aliuona mzuri. Siku ile na taulo lake alifikiri nitamwita. Siku ya Meza iliyofuata alikuja hadi mlangoni, akaona nimekwisha kuketi na mwanangu, akarudi nyumbani. Baada ya hapo hakutaka tena kuwa mtu wa kupitisha sinia.

Biblia ilikuwa wazi magotini mwangu na sikuweza kusoma hata mstari. Nilikuwa nimekuja kumhukumu mtu kwa kutopita kwenye mlango niliouziba mwenyewe. Nikamwomba beseni, nimtawadhe palepale. Akakataa.

"Si hapa. Hapa itakuwa umeniletea msaada. Mimi ni mshirika, mzee. Nataka mahali pangu palepale."

Kikao kilichofuata niliomba tuufute utaratibu ule. Niliwaeleza kwamba ndugu yetu hakuiacha Meza, tulimzuia sisi, na aliyeanza ni mimi. Habari ya kuonywa ikaisha hapo. Lakini kuhusu utaratibu wenyewe walinijibu kwa heshima kwamba magonjwa hayaishi, kwamba watu wamekwisha kuzoea, na kwamba kama nina mtu ninayetaka kutawadhana naye hakuna atakayenikataza. Ulibaki, na upo mpaka leo. Walinishinda kwa hoja zangu zilezile, nami nilizijua zote kwa moyo.

Siku ya Meza nilimwambia mwanangu ajiunge na mdogo wake. Yule rafiki yangu alikuwa amekuja. Alikaa karibu na mlango, taulo likiwa kwenye mfuko wa plastiki, kama mtu ambaye hataki kuonekana ametarajia. Nikavuka kanisa zima na beseni langu. Watu walitazama, na nilistahili kutazamwa. Nilipiga magoti, akavua kiatu, na mguu ule nilioushika kwa miaka ukawa mbele yangu.

Mkono wangu ukasita.

Sijui niueleze vipi. Moyo ulikuwa umekubali, maombi nilikuwa nimefanya wiki nzima, na mkono ukakaa juu ya maji kama si wangu. Ilikuwa muda mfupi tu, lakini yeye aliuona. Nilijisikia vibaya kuliko siku ile kwenye kigoda, maana sasa hapakuwa na kikao wala utaratibu wa kusingizia. Nilikuwa mimi na mkono wangu.

Akainama karibu na sikio langu. "Taratibu tu, mzee," akasema. "Mimi mwenyewe nauogopa huo mguu wako."

Nikaushika mguu wake. Ulikuwa wa joto, mkavu, na umezeeka kuliko nilivyoukumbuka. Niliumwagia maji, nikaukausha, nikafika pale palipokosa vidole. Kisha nikaketi mimi, naye akapiga magoti kwa shida akikohoa, na niliona mkono wake nao ukisita kidogo. Tulikumbatiana. Sinia lilipofika kwetu alichukua mkate wake, na mimi nikachukua wangu.

Tangu hapo tunatawadhana tena. Mkono bado unasita kila mara kabla ya kumgusa, na sasa nadhani nitakufa nao hivyo. Sijui nyuma ya pazia, upande wa wanawake, ni mjane yupi anayepitisha sinia. Nimemwomba mke wangu aangalie. Amenijibu kwamba alikuwa akisubiri nimwulize.

Wewe unayesoma, Mungu akulinde na magonjwa, wewe na wote unaokula nao. Akupe mtu wa kupiga magoti mbele yako, na akupe macho ya kumwona aliyesimama bila mwenzake. Amina.