Kulungu Hawajambo

Nakumbuka siku moja ya mvua nyembamba, ile ya Birmingham inayokulowesha kabla hujajua kama imeanza, nilimjibu bibi yangu vibaya kwenye simu. Na kwa kuwa juzi nilikusikia wewe, mwanangu Ilham, ukimlalamikia yeye yule kwa maneno karibu yale yale, nimeona nikuhadithie.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nimekuzidi miaka michache, na nikisema "enzi za ujana wangu" nazungumzia mwaka juzi. Lakini mama yako ni dada yangu, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na cheo hicho hakihitaji mvi.

Tulikuwa jikoni kwenu simu yako ilipoita. Ukaitazama, ukailaza kifudifudi mezani. "It's only Bibi," ukasema. "Kila siku anauliza kama niko okay. Niko okay!"

Basi sikiliza. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kwenye maabara ndogo upande wa Edgbaston. Tulikuwa tukipima kulungu wa nchi hii. Wawindaji na walinzi wa misitu walituletea vipande vya ubongo na tezi za shingo, nasi tukatafuta ugonjwa mmoja wa ajabu. Si mdudu, si virusi. Ni protini ya mwili wenyewe iliyojikunja vibaya, ikaanza kuzikunja na nyingine, mpaka ubongo unatobokatoboka kama sifongo na mnyama anakonda hadi anakufa. Hauna dawa wala chanjo. Na kibaya zaidi, kulungu anaweza kuwa nao muda mrefu huku ukimwona mzima, anakula na kurukaruka.

Kulungu wa nchi nyingine wanao. Wa hapa hatukuwahi kuwaona nao. Kila sampuli niliyopima ilirudi na jibu moja: hakuna. Nami nilikuwa nikirudi nyumbani nikijiuliza kama nimesoma miaka yote ile ili niwe mtu wa kuandika "hakuna".

Ndipo tukasikia serikali inataka kupunguza fedha za kazi hiyo. Sababu haikuwa ngumu kuielewa: mmetafuta na kutafuta, hamjapata kitu. Maofisa wangekuja kutusikiliza kabla ya kuamua, na mkubwa wangu, Margaret, akataka mimi nieleze kazi ya kila siku. Akaniambia nisiogope, na papo hapo nikaanza kuogopa.

Unanijua nilivyo. Nikawaza: nikisema hatujapata kitu, watasema basi kwa nini tuwalipe. Nikisema hatari iko mlangoni, nitakuwa nimesema uongo. Nikisema "huenda", wataniuliza huenda kiasi gani, nami sijui. Mwishowe nikatafuta picha ya kulungu aliyekonda, mbavu zinahesabika, mate yanamtoka. Ilikuwa imepigwa nchi nyingine kabisa. Sikupanga kudanganya, mwanangu. Nilipanga tu kutosema ilipigwa wapi.

Asubuhi ya mkutano nilikuwa kwenye basi, picha iko tayari, Bibi akapiga kama kawaida yake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umelala?"

"Nimelala." Sikuwa nimelala.

"Umekula?"

"Bibi, jamani! Kila siku hujambo, kila siku sijambo. Hakuna jipya. Nikiwa na jipya si nitakupigia?"

Nikasikia maji ya bomba yakimwagika jikoni kwake, kule Acocks Green.

"Jipya la nini?" akasema. "Miye sikupigii kutaka jipya. Jipya likiwapo litanifikia tu, hata nisipouliza. Miye nataka hilo hilo la jana."

"La jana si unalijua?"

"La jana nalijua. La leo je?"

Yeye bado alikuwa na la kusema.

"Halafu weye una tabia moja. Unaogopa kutwa nzima, lakini humuulizi mtu kitu. Miye nauliza. Nikishajibiwa, naosha vyombo vyangu kwa raha. Haya, na hao mbuzi wako wa msituni?"

"Kulungu, Bibi."

"Hao hao. Hawajambo?"

"Hawajambo."

"Alhamdulillahi. Mwambie mkubwa wako nimefurahi."

Akakata simu. Nikabaki na neno lile mkononi. Hujambo: huna jambo? Sijambo: sina jambo. Maisha yangu yote nimeisalimia dunia kwa kuuliza kama kuna kitu, nikifurahi kuambiwa hakuna, na sijawahi kusikia mtu akisema salamu zisitishwe kwa sababu jibu halibadiliki. Nilikaa nalo mpaka nikapitiliza kituo changu.

Mkutanoni niliiacha ile picha. Nikawaambia ukweli kama ulivyo: hatujaupata ugonjwa huu. Tunajua hatujaupata kwa sababu tunatafuta. Leo tukisema "hakuna", maana yake tumeangalia. Mkituondoa, neno litabaki lile lile, ila maana yake itakuwa "hatujui".

Ofisa mmoja, mzee mpole mwenye mwavuli uliokuwa bado unachuruzika, akanishukuru kwa dhati. Fedha zikapunguzwa hata hivyo. Sampuli chache zingeendelea kupimwa, watu wawili wangebaki, na mimi niliyekuja wa mwisho nikawa wa kwanza kuondoka. Nakuambia hivi ili usidhani ukisema kweli basi kila mtu atakupigia makofi. Wengine watakushukuru, kisha wafanye walilokusudia.

Kesho yake simu ikaita.

"Hujambo?"

Mdomo wangu ulishakaa mkao wa "sijambo". Lakini nikakumbuka nilichowaambia wale watu kuhusu neno lisilo na kitu ndani yake.

"Nina jambo, Bibi."

"Haya. Vaa soksi, nyumba yenu hiyo baridi. Nakuja."

Akapanda basi la 11, lile linalozunguka mji mzima bila haraka yoyote, kutoka Acocks Green mpaka Perry Barr nilikokuwa nimepanga chumba. Akafika na kopo la aiskrimu. Ndani yake, kama unavyomjua, hakuna aiskrimu. Mikate ya ufuta, bado ina joto. Hakuuliza lolote mpaka nilipomaliza wa pili na kumweleza kwamba kazi yangu imekwisha.

"Sasa nani atawauliza hali wale wanyama?"

"Watu wawili, Bibi. Kidogo kidogo."

Akatikisa kichwa, akanimiminia chai, akanishika mkono nikilia.

Mwanangu, siku hizi napima damu hospitalini, na bado nawaza kupita kiasi. Hata haya nimeyafuta na kuyaandika upya. Lakini moja nimelishika. Kuogopa si kuangalia. Ukiwa na wasiwasi na kitu, nenda ukakiangalie, na ukikikuta kizima, usione umepoteza muda, kesho rudi. Usikuze hofu ili usikilizwe. Na Bibi akipiga, igeuze simu iangalie juu, upokee. Kabla hujasema "sijambo", jitazame kwanza kama ni kweli. Yeye hachoki kusikia jibu lile lile. Anaiweka njia wazi kwa ajili ya siku jibu litakapokuwa jingine.

Mungu akupe afya na moyo mwepesi kuliko wangu. Akujaalie kila asubuhi mtu wa kukuuliza hujambo, nawe uwe na wa kumuuliza. Na siku utakayokuwa na jambo, akukute muulizaji wako hajachoka, ameshika kopo lake, yuko njiani.