Barua Iliyoondoka Siku ya Mazishi

Mjukuu wangu alirudi Sepuka na cheti cha chuo, na kazi hakuna. Sikumficha mtu. Nilipita naye sokoni nikiwaambia, huyu ndiye msomi wangu, mwangalieni vizuri. Hakuja kukaa bure. Aliitazama asali ya babu yake, ndoo zimepangwa chumba cha nyuma zikingoja wachuuzi wa kutupunja, akasema ataiuza mwenyewe kwa barua pepe, kwa mahoteli na maduka makubwa. Asali ikipata mnunuzi wa kudumu, anabaki nyumbani. Isipopata, anakwenda kuhangaika na kazi za watu. Hilo tulilijua sote watatu.

Mimi darasa la tatu ndilo lililonishinda. Lakini alichonieleza nilikielewa. "Bibi, yule mtu hakujui. Akikufungua mara ya kwanza akaona mambo ya ovyo, hakufungui tena."

"Kama mgeni na choo," nikamwambia.

"Hivyo hivyo, mke mwenzangu." Ndivyo tulivyoitana, maana babu yake alikuwa akimwita mchumba.

Akampiga babu picha chini ya mzinga mmoja ulio karibu na nyumba, ameshika sega.

"Nivue kofia?" mzee akauliza.

"Vaa, babu. Kofia ndiyo wataipenda."

"Basi wauzie kofia, asali tule wenyewe."

Alicheka, na hapo hapo mtoto akabonyeza. Ile picha ilitoka vizuri mpaka nikaona wivu. Juu yake akaandika kwamba mzee mwenyewe anawakaribisha kuonja asali mpya, na chini akaweka namba yangu, kwa kuwa simu ya mzee ilikuwa haikai na chaji. Akasoma kwa sauti, akafuta, akaandika tena siku nzima. Mwisho akasema ameitega: itaondoka yenyewe Jumatatu asubuhi, saa ambazo wakubwa wanaketi ofisini. Nikacheka. Mtego wa kanga naujua, mtego wa barua sikuwahi kuusikia.

Jumamosi alfajiri mzee alikohoa, akaomba maji. Nilipoleta kikombe, hakuwa na haja nayo tena.

Watoto wetu wako mbali, tukawangoja. Jumatatu asubuhi wanaume walikuwa wanachimba kaburi nyuma ya zizi, mimi nimekaa kwenye mkeka na wanawake, na mzee yumo ndani amefunikwa shuka. Hakuna aliyekumbuka ule mtego. Nani akumbuke?

Simu ikalia. Sauti ya mwanamume, ya mjini, yenye haraka.

"Shikamoo mama. Naomba kuongea na mzee wa kwenye picha. Huyu mwenye kofia."

"Marahaba. Mzee amefariki. Tunamzika leo."

Kisha akasema, "Mama, ujumbe wake umeniingia sasa hivi. Ananikaribisha asali."

Nikamwona mjukuu wangu anainuka kwenye mkeka, mikono kichwani. Alikuwa ameelewa.

"Aliandikiwa kabla," nikasema.

"Poleni sana, mama. Poleni." Akavuta pumzi. "Sasa, samahani, asali yenyewe ipo? Nina wageni wikiendi hii, naweza kutuma gari hata kesho."

Mtoto alikuwa ameshafika, amepiga magoti, amenishika mkono. "Sema ipo, Bibi. Tafadhali. Sema ipo."

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa amesimama mlangoni na jembe lenye udongo wa kaburi. Akanikazia macho. Kwetu kitu cha marehemu hakivuki kizingiti kabla ya kuanua matanga na wazee kukaa. Hata kuku wake huchinji bila kuuliza.

"Asali ipo," nikasema. "Ila haiuzwi."

"Sasa mlinitumia ya nini?"

Akakata.

Mjukuu wangu alilia siku ile mpaka wageni wakasema kweli alimpenda babu yake. Alimpenda. Mimi nilijua kilio kimebeba mawili.

Baadaye alimwandikia yule bwana, akaeleza, akaomba radhi. Hakujibiwa. Matanga yalipoanuliwa wazee wakakaa, ndoo zikagawanywa kwa wanangu, kila mmoja akapanda basi na zake. Mizinga imebaki porini, na miti ilikoning'inizwa aliijua marehemu peke yake. Nyuki wanakula jasho lao.

Watu huniambia ningetoa ndoo kimyakimya kwa mlango wa nyuma. Wakinirudisha siku ile, nitajibu vilevile. Mume wangu hakuwa bidhaa ya kuondoshwa kabla udongo haujakauka.

Sasa mtoto anachapa barua za watu kwenye duka la fotokopi Ikungi. Juzi alikuja na simu yake. Shemeji yangu ameahidi kumsaidia kuitafuta ile mizinga, wataanza mvua zikikatika, na yeye anataka kuandika upya, safari hii kwa picha yangu.

Nikasimama palepale pa mzee.

"Cheka kidogo, Bibi."

"Sina cha kuchekea."

"Watakuogopa."

"Waniogope. Wakija, watanikuta hivihivi."

Akanitazama, akafuta macho kwa kiganja, akabonyeza.