Meya Barazani kwa Shangazi

Mama Mkasi alikuwa fundi cherehani. Jina hilo wateja walimpa kwa kuwa mkasi wake haukuomba radhi, iwe kwa kitambaa au kwa mtu. Dukani kwake palikuwa na sheria moja: fundi akiharibu nguo, hatoroki wala hajifichi nyuma ya pazia. Hukaa barazani, mbele ya mwenye nguo, akafumua na kushona upya. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa pale na koti la bwana harusi lenye mikono miwili ya kushoto.

Mwaka huo mji ulikauka. Bomba kuu lilipasuka, na ikajulikana kwamba meya aliahirisha matengenezo yake ili kupaka rangi ukumbi wa mikutano. Meya huyo alikuwa mtoto wa kaka yake Mama Mkasi.

"Mama, mwambie mwanao aachie kiti," mteja mmoja alisema akipimwa kifua. "Mwenzio sijaoga nikatakata tangu bomba lipasuke!"

"Tunanusa, mwanangu. Inua mikono. Au bora usiinue."

Duka zima liliangua kicheko. Mama Mkasi naye alicheka, ila moyoni aliumia. Kaka yake, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu aliyeheshimiwa na wakubwa kwa wadogo. Sasa jina la ukoo wake watoto waliliimba mitaani wakigonga ndoo tupu.

Jioni meya aliingia kwa mlango wa nyuma, suruali ikimpwaya.

"Shikamoo, Shangazi. Nipunguzie kiuno. Kesho najiuzulu, nataka nitoke vizuri pichani."

"Marahaba. Na bomba je?"

"Atajua atakayekuja."

"Mpaka apatikane, nani ataidhinisha kazi ya mafundi?"

Meya alikuna kichwa. "Shangazi, watu hawanitaki!"

"Wana haki. Kuondoka utaondoka, hilo halina mjadala. Lakini bwana harusi hakuachwa na koti lile mgongoni. Kwanza maji, kisha kiti."

"Nikirudi ofisini watanipiga mawe."

"Ofisini kufanya nini? Barazani, baba. Mbele ya wenye kiu."

Asubuhi meza ya meya ilikuwa barabarani, ukingoni mwa mtaro wa bomba, na tangazo: *Maji yakitoka, nami natoka.* Mwanzoni alimwagiwa matusi ya kila rangi. Yule mteja alijileta na kigoda, akawa msimamizi wa kujitolea. "Wewe! Usisinzie, sisi bado hatujaoga!" Lakini idhini ambayo mafundi bomba waliifuata ofisini kutwa nzima, sasa waliipata kabla hawajafuta tope mikononi. Kazi ikaenda mbio.

Siku bomba lilipokohoa, likatema tope, kisha maji, watu walimwogesha meya kwa ndoo, suti na yote. Alisimama akichuruzika, akatangaza kwamba anajiuzulu.

"Ah, kumbe kazi anaiweza!" yule mteja alimnong'oneza Mama Mkasi. "Si abaki tu?"

"Nguo ikiisha hukabidhiwa mwenyewe," alijibu. "Fundi haivai."

Kisha akamgeukia mtoto wa kaka yake. "Vua hiyo suti kabla haijakukaukia mwilini. Na kiuno chenyewe sikipunguzi. Utanenepa tu, sasa utalala usingizi."

Watoto walipita wakiimba lile jina kama kawaida, wakazipiga ndoo zao. Hazikulia. Zilikuwa zimejaa.