Vikombe Ndani ya Liputa

Mdogo wangu alikuwa na miaka saba, na kwa miezi mitatu hakutamka hata neno moja. Tulitoka Nizi kwa miguu, mkono wake mkononi mwangu, na tulipofika Bunia aliacha kusema, basi. Alikula, alicheka bila sauti, alininyang'anya muhogo wangu kama zamani. Mama alinikataza nisimsumbue. Mimi nilimsumbua kila siku, maana ukimya wake ulinitisha kuliko risasi.

Tulipokelewa mtaa wa Mbunya na shangazi yangu, mwalimu wa biolojia ambaye shule yake ilikuwa imefungwa kwa ajili ya vita. Mwanamke yule! Hakujua kukaa siku moja bila kufundisha. Kwa kuwa nilibakiwa na Exetat, mtihani wa mwisho wa sekondari, aliniangukia mimi.

Vitabu vyake vilikuwa vimeporwa, kwa hiyo alifundishia furushi la mama. Furushi hilo lilikaa mlangoni, tayari kwa kukimbia tena. Ndani yake mama alikuwa amezungusha liputa moja ndefu, kitenge chake cha maua mekundu, kwenye kikombe cha kwanza, kisha cha pili, mpaka cha sita, visivunjike. Chai tulinywea makopo. Vikombe vilikuwa vya safari.

"Angaliya," shangazi akasema, akianza somo la ADN, yaani DNA, maandishi ya urithi ndani ya seli. "Liputa njo ADN. Vikombe njo protini zenye inazungushiwa. Mu seli ya ubongo yako maandishi yote iko, lakini penye imekazwa, haisomeke."

Akasukuma kikombe kimoja kwa kidole, polepole, mpaka ua jekundu la liputa likatokeza. "Iko protini ingine, kazi yake ni hii tu, kusukuma vikombe. Inakula nguvu, njo inasukuma. Ua ikionekana, jeni inasomwa. Ukijifunza kitu, ao ukiogopa sana, vikombe inahama."

"Na ua yenye haionekane, imepotea?" nikauliza, nikimtazama mdogo wangu kwenye mkeka.

Shangazi alielewa. "Ugonjwa yake mi sijue, mi si munganga. Lakini maandishi haipoteake juu ya kukunjwa."

Nilimpenda sana siku ile, kwa sababu hakunidanganya.

Ila uvumilivu, hapana, Mungu hakumpa. Kila mchana aliniuliza swali lilelile: ADN iliyokunjwa inafunguka namna gani? Na kila mchana, sijui kwa nini, nilijibu kwamba inafunguka yenyewe. "Ai! Kichwa yako iko ya mawe? Haifungukake yenyewe! Iko mwenye kuifungua!" Mama naye alipiga kelele kutoka nje: "Mukivunja kikombe yangu, mutaniona!" Mdogo wangu alivuta mkeka karibu, akaweka kidevu juu ya furushi, akafuatilia vikombe kwa macho.

Mchana mmoja milio ya risasi ikaanza upande wa uwanja wa ndege. Mama akakaza furushi kwa mafundo mawili, tukakaa sakafuni sote wanne, migongo ukutani. Mdogo wangu alijificha chini ya kwapa langu. Lakini kwa shangazi, ualimu ni ualimu.

"Weye," akaniambia. "ADN inafunguka namna gani?"

Nikajibu kama kila siku: "Inafunguka... yenyewe."

Chini ya kwapa langu ikatoka sauti ya kukwaruza, kali kama ya shangazi mwenyewe: "Kichwa yako iko ya mawe! Haifungukake yenyewe! Iko mwenye kuifungua!"

Nililia bila aibu. Shangazi alijifunika uso na kitenge chake, mabega yakicheka na kulia pamoja. Mdogo wangu alitushangaa, kisha akaniuliza kama kweli nitafaulu mtihani nikiwa mjinga hivi.

Milio ilikuwa bado inaendelea. Mama alivuta furushi kwake, akafungua mafundo yote mawili, akakunjua liputa mpaka mwisho, na akatoa vikombe vyote sita, tunywee chai.