Papa na mvua ya Kamembe

Juzi mavi ya mtaa mzima yaliingia jikoni kwangu, huku chini karibu na ziwa. Mvua kutoka upande wa Kamembe, ng'ambo ya ziwa, ilikuwa kubwa, na kule juu mlimani nilisikia mitaimbo ikigonga zege.

Sauti ile naijua. Utotoni mwangu tuliishi kule juu; bomba la majitaka la mji lilikuwa limeshaziba, na kila mvua ilipopiga, Papa, baba yangu, alikimbia nje na mtaimbo kufungua mfuniko wa zege wa shimo la choo, maji yabebe uchafu. Nilidhani anapenda mvua.

“Papa, ile uchafu inaendaka wapi?”

“Kwa batu ba kule chini. Bao batajijua!”

Majirani walicheka, mitaimbo mikononi. Nilicheka pia. Mvua ilipokatika ilibaki harufu ya udongo tu, nikaamini uchafu umekwisha.

Bomba halijazibuliwa hadi leo. Binti yangu anaharisha tangu jana, na mawingu yametanda tena.