Mkono wa Bibi Kifuani mwa Babu

Mwanangu, siku tuliyomzika Babu kule Mpui hunirudia kila upepo wa baridi unapovuma kama leo. Kaburi lilishachimbwa, katekista alikuwa mlangoni na kitabu chake, lakini Bibi hakutaka jeneza lifungwe. Alikuwa ametia mkono ndani ya shati la Babu, chini ya bega la kushoto, pale madaktari wa Dar walipomwekea kifaa cha kusaidia moyo.

"Kinapiga," alisema. "Mnataka kuzika mtu hai?"

Mimi, kijana wa kuota ndoto tu, nilitamani iwe kweli. Nikautazama uso wa Babu, nikangoja.

Baba mdogo, aliyempeleka Babu Dar, akapiga magoti. Akamweleza Bibi kwamba moyo wa Babu ulikuwa unazubaa, unasahau kupiga, ndiyo maana alikuwa akishikwa na kizunguzungu na kuanguka shambani. Kifaa kiliushtua kidogo kwa umeme ili upige. Moyo ukishakufa, hata kikiushtua hauitiki. Kisha akavichukua vidole vya Bibi taratibu, akavikandamiza kwenye ubao wa jeneza.

"Na hapa je, mama?"

Bibi akavikandamiza tena mwenyewe. "Napo panapiga."

"Ni damu ya vidole vyako."

Bibi hakulia. Alitutazama mmoja mmoja. "Wiki iliyopita kizunguzungu kilimrudia. Nikamwambia alale, ana mashine, hawezi kufa. Dar mlielezwa ninyi. Mimi niliyelala naye, nani aliniambia?"

Tulikuwa tumemficha yale waliyotueleza madaktari, tukidhani tunamwonea huruma.

Basi, mwanangu, mtu wako akiwekewa kifaa hicho, anayelala naye awepo daktari anapoeleza. Ulizeni yote, hata la kijinga. Wiki za mwanzo asiinue juu mkono wa upande ule wala kushika jembe mpaka aruhusiwe, na kidonda kikivimba au kutoa usaha, rudini. Kliniki asiache hata akijiona mzima kama ng'ombe dume, maana betri hukaa miaka lakini huisha, na kule ndiko wanakoipima. Ila kizunguzungu kikirudi, au akizimia, msingoje siku ya kliniki. Msimlaze. Mpelekeni hospitali.

Mungu akujalie mtu wa kulala na mkono wake kifuani mwako, na akupe moyo wa kumwambia kila kitu angali anaweza kukusaidia.